Dau Halirudi

Ijumaa, 12 Septemba

Mji mzima unanuka pilipili hoho za kuchoma. Kila ua hapa Požega una jiko la bati na mwanamke mwenye macho mekundu, na mimi nimekuwa mmoja wao tangu alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Baba alikaa kwenye kigoda akimenya na kusimamia. Mtu akimenya mbili, basi lazima asimamie mia.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya kazi. Nakaa nyuma ya kioo kwenye duka la kubeti la Bosi Miloje, na watu huniuliza maswali ambayo majibu yake siyajui. Zamani yalinichosha. Siku hizi nikifika nyumbani bado nayageuza kichwani, nikikoroga sufuria huku nabishana na mtu ambaye hayupo. Afadhali niyaweke mahali.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Kuni bado hatujanunua. Baba anasema bei itashuka. Tangu niijue dunia, bei ya kuni haijawahi kushuka vuli.

Jumatatu, 22 Septemba

Bibi Stamena wa nyumba ya mbele amevuka barabara mbio, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Mjukuu wake Vukašin ataanza mechi ya Jumamosi, kule Belgrade, kwenye timu kubwa. Ataanza, si kukaa benchi. Bibi ndiye aliyemlea, maana mama yake yuko Austria anatunza wazee wa watu. Na aliyemfundisha mpira ni Baba, kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda, enzi hizo Baba bado anavuma na filimbi shingoni.

Baba aliingia ndani, akatoka na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, akammiminia Bibi Stamena mpaka ukingoni. Bibi alisema yeye hanywi. Kisha akanywa.

Ijumaa, 26 Septemba

Foleni ilifika hadi kwa muuza mikate. Wote wanataka kitu kimoja: Vukašin kufunga bao. Hata Gvozden mpiga tarumbeta, ambaye husema habeti kwa kuwa kudai malipo kwa baba wa bibi harusi ni kamari tosha. Padri Ilija wa kanisa letu la Kiorthodoksi hakuja, ila mkewe alikuja, akaniambia pesa ni zake mwenyewe. Bosi Miloje alisugua mikono asubuhi yote, kufika mchana akaacha. Alikuwa amegundua kwamba kijana akifunga, itabidi auze gari.

Chini ya kila mkeka, karatasi ya dau, kuna maandishi madogo, na mimi nimeagizwa kuyasoma kwa sauti dau likiwa kubwa. Leo nimeyasoma mpaka ulimi ukakauka: mchezaji akikaa benchi mpaka mwisho, unarudishiwa pesa yako, mchezaji akikanyaga uwanja, dau halirudi. Hakuna aliyesikiliza.

Baba alikuja mwisho kabisa. Alipitisha chini ya kioo bahasha ninayoijua, imeandikwa "kuni" juu yake.

"Baba, hii ni pesa ya kuni."

"Najua kusoma. Niliiandika mwenyewe."

Akanieleza kwamba jana amempigia Vukašin simu, akamuuliza miguu inasemaje, na kijana amejibu yu mzima kama kengele. Kama yeye ni mzima, akasema Baba, sisi tutaogopaje baridi. Nikamsomea maandishi madogo. Akanitazama kama ninavyotazamwa na kila mtu nikiyasoma. Nikamkatia mkeka wake.

Jumamosi, 27 Septemba

Tulitazamia dukani, watu wamebanana mpaka mlango haufungi. Walipoimba jina lake kwenye uwanja wa mbali, Gvozden alilia waziwazi. Vukašin aliingia, akajigusa kifuani, akakimbia. Alionekana mdogo kuliko anavyoonekana hapa mtaani.

Dakika ya sita alifuata mpira pembeni. Hakuna aliyemgusa. Alisimama ghafla, akakaa kwenye nyasi kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Kisha akalala. Wakaleta machela.

Ninataka kuandika hili sawasawa, kwa sababu linanishangaza: neno la kwanza lililosemwa halikuwa "goti". Lilikuwa "pesa". Sijui ni nani aliyelisema, lakini sina haki ya kumsema, maana mimi kichwani mwangu nilikuwa nimeona kuni. Kuni kwanza, ndipo mtoto wa watu. Baada ya hapo wote walisema kwa pamoja. Mmoja anadai hiyo si mechi, dakika sita si mechi. Mwingine anasema kijana aliingia akiwa ameshaumia, alionekana anachechemea tangu mazoezini, goti lilifungwa bandeji chini ya soksi. Huyo wa mwisho ana binamu anayefua nguo za timu, basi wakamwamini.

Baba alipolisikia lile la bandeji aligeuka. Akauliza polepole, "Ilikuwa tangu lini?" Yule mwenye binamu akasema tangu Jumanne. Baba akachukua kofia yake akatoka.

Nilikimbia kwa Bibi Stamena. Nilimkuta amesimama mbele ya runinga, ameishika kwa mikono miwili isije ikaanguka.

Jumapili, 28 Septemba

Kano za goti zimekatika. Watampasua. Hatacheza mpaka mwaka ujao vuli, kama atacheza.

Jumatatu, 29 Septemba

Foleni tena, lakini safari hii wameshika mikeka iliyochanika, yaani iliyopoteza, wakitaka pesa yao. Nilikuwa nadhani nitachoka. Badala yake nimeondoka na swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa pale dirishani.

Baba ndiye aliyeliuliza. Alisema, "Mimi nilibeti kama atafunga au hatafunga. Huyu hakufunga wala hakushindwa kufunga. Sasa nimeshindwa na nini?"

Bosi Miloje alitoka ofisini kujibu, na alijibu vizuri, nampa haki yake. Alisema: leo nikirudisha kwa ajili ya goti, kesho mtataka nirudishe kwa ajili ya kadi nyekundu, keshokutwa kwa ajili ya mvua, na Jumapili kwa ajili ya kipa aliyegombana na mkewe. Anayebeti juu ya mtu anabeti na mwili wake wote, goti likiwemo. Nikamuuliza mbona kwenye tenisi tunarudisha, mchezaji akijitoa seti ya kwanza. Akasema tenisi ni wawili, mmoja akiondoka hakuna mchezo. Mpira ni ishirini na wawili, mmoja akiondoka mchezo unaendelea. Lakini hawa hawakubeti juu ya ishirini na wawili, nikasema. Akaniuliza mimi nimeajiriwa upande gani wa kioo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimekuwa nikiuliza kila mtu. Gvozden anasema kwenye tarumbeta sheria ni moja: akishapuliza sauti ya kwanza, harusi imelipwa, hata bwana harusi akizimia mlangoni. Alishawahi kupuliza, bwana harusi akatoroka, na akalipwa. Mchoma wanakondoo anasema mnyama akishaguswa na moto ni wako, ukija usije. Padri Ilija anasema mshumaa ukishawashwa haurudi dukani. Wote wanakubaliana na Bosi Miloje, na wote bado wanataka warudishiwe.

Jumanne, 7 Oktoba

Baridi ya kwanza. Tumechoma kreti za matofaa.

Vukašin amerudi kwa bibi yake, na magongo mawili. Baba alikuwa uani gari lilipofika. Aliingia ndani akafunga mlango, na sikuamini nilichokiona. Nikamuuliza kama pesa inaweza kukata salamu ya miaka thelathini. Akasema si pesa. Akasema, "Nilimuuliza mzima? Akasema mzima. Niliyemfundisha mimi, ananidanganya mimi."

Ijumaa, 10 Oktoba

Bosi Miloje ametoa tangazo: kila aliyechanikiwa mkeka kwa ajili ya Vukašin atapewa mkeka wa bure, wa kutumia wikiendi hii tu. Watu wamemwita baba wa yatima.

Jumapili, 12 Oktoba

Mikeka ya bure imekwisha, na baada ya ile ya bure wamekata ya kulipia, na ya kulipia imechanika. Duka halijawahi kuuza hivi. Jumatatu ile Bosi alipokuwa anatetea sheria nilimwona mgumu. Safari hii ametoa kwa moyo mkunjufu, na naona afadhali ugumu ule ulikuwa wazi.

Baba peke yake hajachukua wa kwake. Alisema aliomba kilicho chake, hakuomba peremende.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baridi. Kuni hakuna. Nimeomba nilipwe mapema, Bosi amesema tutaona.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimempelekea Vukašin supu. Amekaa dirishani, mguu juu ya kiti, anatazama nyumba yetu. Aliniuliza kwa nini bomba letu la moshi halitoi moshi. Nikamwambia Baba anapenda hewa safi. Hakucheka. Akaniuliza Baba aliweka dau kiasi gani. Nikasema siruhusiwi kusema mambo ya wateja. Akasema, "Dada Rosanda, mtaa mzima unajua, nataka nisikie kwako." Nikamwambia ale supu.

Watu hawaendi pale kama zamani. Hakuna aliyeamua hivyo. Kila mmoja ana shughuli. Bibi Stamena anasema ni mvua.

Jumapili, 2 Novemba

Jumamosi ijayo ni Mtakatifu Mitar, slava, yaani sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba ya Bibi Stamena. Tangu nizaliwe, Baba ndiye wa kwanza kuingia pale siku hiyo, kabla hata ya padri. Sasa haongei habari yake. Nimemsikia akisema Jumamosi ataenda kumtazama fundi wa pampu.

Bibi anachagua ngano ya sikukuu punje kwa punje kama kawaida. Nilimkuta anahesabu vijiko vya wageni, akaacha nilipoingia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeharibu. Nimeharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna wa kumlaumu.

Wakati wa chakula cha jioni nilitaka kupoza mambo, nikasema, "Baba, Bibi Stamena anakualika slava."

Uongo mdogo, nilidhani. Baba aliweka kijiko chini. Mtu mzima kama mimi, niliyekulia hapa, nikasahau kitu ambacho mtoto anakijua: slava haina mwaliko. Anayejua siku, huja. Anayealikwa ni mgeni, mtu wa kazini, daktari mpya aliyehamia mjini. Miaka thelathini Baba anaingia mlango ule bila kuambiwa.

"Amenialika," Baba alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Basi mimi sasa ni mgeni pale. Sawa. Vizuri nimejua."

Nilimwambia nimetunga, hakuna aliyemwalika. Hakuniamini. Alidhani namwonea huruma.

Alhamisi, 6 Novemba

Ukungu siku nzima. Hatuongei.

Jumamosi, 8 Novemba, Mtakatifu Mitar

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye lori.

Saa moja asubuhi lilisimama mbele ya nyumba yetu, likainua mgongo, likamwaga kuni langoni mpaka lango likapotea. Kuni za mfune, kavu, zilizokwisha kupasuliwa. Dereva alisema zimeshalipiwa. Na nani? Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya mbele, akaondoka.

Baba alitoka na koti juu ya nguo za kulalia. Alizitazama kuni, akatazama ng'ambo, na nilimwona uso unavyobadilika. Kwanza amefanywa mgeni, sasa analipwa. Mgeni na mdai. Nikasema Baba, ngoja, mimi ndiye niliyetunga ule mwaliko, naapa kwa kaburi la mama. Safari hii aliniamini, lakini kuni zilikuwa pale pale, na hizo sikuwa nimezitunga mimi.

Akaenda kibandani akatoa toroli. Akaijaza. Akaanza kuvuka barabara.

Mtaa wote ulitoka madirishani. Gvozden, aliyekuwa anapita na chupa yake ya divai chini ya kwapa, njiani kwenda pengine, alisimama. Baba alisukuma toroli ukungu ukimfunika mpaka magotini, gurudumu linalia. Nilimfuata kwa kandambili. Bibi Stamena alifungua mlango amevaa gauni la sikukuu. Nyuma yake niliona meza: mshumaa mrefu unawaka, mkate, bakuli la ngano na karanga, glasi ya maji ya kuwekea vijiko vilivyotumika. Maji ndani ya glasi yalikuwa matupu na safi, hakuna kijiko hata kimoja.

Vukašin alitoka mpaka kizingitini na magongo yake.

"Mwalimu," alisema. Bado anamwita hivyo.

"Chukua kuni zako."

"Ni zako. Ulizipoteza kwa ajili yangu."

"Nilizipoteza kwa ajili ya mpira. Wewe ulichonipotezea ni kingine. Nilikuuliza, mzima? Ukasema mzima. Goti lilikuwa linauma tangu Jumanne."

Kijana aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini barabara ilikuwa kimya na tuliisikia sote.

"Ulinifundisha wewe, mwalimu. Mguu ukiuma, kaza kamba, usimwonyeshe mtu. Ulisema hata mama yako asijue."

Baba alishika mikono ya toroli. Nilimtazama pembeni ya uso, na nilikuwa na hamu ya kujua atasema nini kuliko nilivyowahi kuwa na hamu ya kujua kitu chochote. Hili halipo kwenye maandishi madogo. Nimekumbuka alivyokuwa akipiga kelele pale nyuma ya kiwanda, mvua inanyesha, watoto wamejipanga: kaza kamba, kaza kamba. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi na mwavuli, nikicheka.

Gvozden akakohoa.

"Nilisema hivyo," Baba alisema.

"Ulisema."

"Nilikuwa mjinga."

"Nilifika dakika ya sita, lakini," akasema Vukašin, sijui kwa kicheko au kwa kilio.

Baba akainamisha toroli, akamwaga kuni pale mlangoni kwa Bibi. Kisha akamwambia kijana, kwa sauti ile ile ya filimbi shingoni:

"Sasa nisikilize. Sheria ni msumeno. Binti yangu amenisomea mara mia: mchezaji akikanyaga uwanja, dau halirudi. Wewe ulikanyaga. Kwa hiyo usinirudishie kitu, wala Miloje asinirudishie. Dau halirudi. Wewe ndiye wa kurudi."

Vukašin aliachia gongo moja, likaanguka, na Baba akamshika kabla hajafuata. Walisimama hivyo, Baba na nguo zake za kulalia.

Bibi Stamena alisema mlango uko wazi na nyumba inapoa, na kama wanaume wamemaliza, mmoja aweke kuni jikoni.

Baba aliingia. Alifanya ishara ya msalaba, akachukua kijiko, akala ngano, akakitumbukiza kijiko ndani ya glasi. Kilikuwa cha kwanza, kama miaka yote. Cha pili kilikuwa cha Gvozden, aliyesema alikuwa njiani kuja hapa tangu mwanzo. Wakaja wa dirishani, mmoja mmoja, kila mtu na shughuli yake imekwisha ghafla. Yule mwenye binamu alikuja. Mke wa padri alikuja na padri. Hata Bosi Miloje, na kahawa ya zawadi, akakaa karibu na mlango, na hakuna aliyemuuliza habari za goti wala za tenisi.

Kuni zilizobaki bado ziko langoni kwetu. Baba amesema zikae, atazivusha kidogo kidogo, kila siku toroli moja, na kwa kuwa atakuwa amefika pale kwa Bibi, atakaa karibu na jiko mpaka jioni amtazame kijana akinyoosha mguu. Anadhani sijui hesabu. Kwa mwendo huo tutapata moto wa bure mpaka Machi, na Vukašin atapigiwa kelele za mazoezi kila siku ya Mungu.

Swali lile la kule dirishani bado sijalijibu. Nadhani walistahili kurudishiwa, na nadhani Bosi hakukosea kukataa, na sioni haya kudhani yote mawili. Lakini leo sikupata nafasi ya kulifikiria sana. Vijiko viliisha kabla ya wageni, na nilisimama jikoni kwa Bibi Stamena naviosha, navirudisha mezani, navichukua tena vichafu, mpaka vidole vikajikunja.